Kilomita 226 zinaanzia uwanja wa ndege

Watu wakijua umefanya Ironman maswali huwa mawili tu, uliogeleaje maji yote yale, na je kuna mahali ulitamani kuacha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza baiskeli ilifikaje, na kiukweli mi ningeanzia hapo hapo. Kuogelea, kuendesha na kukimbia nilikuwa nimefanyia mazoezi miezi kibao, mwili ulishazoea kazi yake, lakini kusafiri kwenda nchi ya watu na boksi ambalo haliingii kwenye teksi ya kawaida, kulala kitanda kisicho chako, kula usichokizoea, halafu siku ikifika uamke usiku wa manane ukashindane mpaka giza liingie tena, hicho kitu programu ya mazoezi haina. Kwa hiyo naandika yanavyonijia, mwenye kusafiri mwaka huu atachukua yanayomfaa.

Kwa ambaye hajaufuatilia mchezo, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu unamalizia na marathoni nzima ya kilomita 42.2, vyote siku moja, na mashindano mengi ya aina hii yanakupa masaa 17 uwe umevuka mstari. Ulianzia Hawaii, kisiwa cha Oahu, Februari 1978, wazo la John Collins na mkewe Judy, wakaanza watu 15 wakamaliza 12, Gordon Haller akashinda kwa masaa 11 na dakika 46. Kinachonifurahisha kwenye stori ile ni yule wa pili, John Dunbar. Enzi hizo hakukuwa na meza za maji njiani, kila mshindani alikuja na wasaidizi wake na gari lao, sasa wasaidizi wa Dunbar wakaishiwa maji kwenye marathoni, wakampa bia. Alikuwa anaongoza aliposhuka kwenye baiskeli. Watu huisimulia ile kama kichekesho, mi naiona ndo somo la kwanza la mchezo wenyewe, kwamba unaweza kuwa na miguu mizuri kabisa halafu ukaja kukwama kwa kitu ambacho mtu alitakiwa akiweke kwenye begi.

Basi tuanze na begi.

Baiskeli unaifungua wewe mwenyewe, usimpe fundi akufungie ukiwa haupo, maana ukifika kule fundi hayupo na wewe ndo utaiunga. Kama unampa, kaa pembeni uangalie kila anachofanya. Kabla sijagusa spana nilipiga picha kila upande, hasa cheni inavyopita na nyaya zinavyoingia, halafu nikazungushia kitepu kwenye nguzo ya siti pale inapoingilia kwenye fremu, ili urefu urudi ule ule, kwa sababu siti ikikaa sentimita moja chini ya ulivyozoea goti litakwambia mapema sana ndani ya kilomita 180. Pedali ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kama unakaza, na nimeshaona watu wazima wanaiparamia na spana wanatokwa jasho kumbe wanazidi kuifunga. Magurudumu yakishatoka, kama una breki za diski chomeka kile kiplastiki katikati ya breki, hata kadibodi iliyokunjwa inatosha, la sivyo mtu akibana mkono wa breki kwa bahati mbaya zile pedi zinakutana na kuzirudisha ni kazi. Diski zenyewe nilizitoa nikazilaza katikati ya taulo. Gia ya nyuma nayo itoe pamoja na kile kichuma kidogo kinachoishika, ifunge kwenye sponji iingie ndani ya fremu, maana kile kichuma kimetengenezwa kiwe laini ili kipinde chenyewe badala ya fremu kuvunjika, na kikipinda kidogo tu gia zinaanza kurukaruka. Beba na kimoja cha akiba, hakina uzito.

Upepo kwenye tairi watakuambia utoe wote. Sehemu ya mizigo kwenye ndege ya abiria ina presha karibu sawa na kule mnakokaa nyie, tairi haiwezi kupasuka kwa sababu hiyo, lakini toa nusu tu uepuke mabishano kaunta, yule dada wa kaunta hayupo pale kujadili fizikia na wewe. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi iache, mashirika mengine hayaitaki kabisa na mengine yanataka kibali, utanunua huko huko kwenye maonyesho ya vifaa. Betri za akiba na pawabenki zinaingia nazo kwenye mkoba wa ndani ya ndege, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Spana ni kinyume chake, ziende chini. Na upime uzito nyumbani, mashirika mengi kilo 32 ndo mwisho kwa mzigo mmoja hata ukitaka kulipa zaidi, na wengine ni kilo 23, kwa hiyo ile tabia ya kujaza nguo na jeli za kula njiani na viatu ndani ya boksi la baiskeli ina mwisho wake. Barua pepe ya shirika inayosema wamepokea taarifa ya baiskeli yako iprinti. Karatasi. Simu huzima chaji pale unapoihitaji.

Mkoba wa mkononi ndo nautetea kuliko vyote. Humo niliweka viatu vya baiskeli, pedali, helmeti, miwani ya kuogelea miwili, nguo ya shindano, viatu vya kukimbilia (hivyo nilivivaa), saa na chaja yake, dawa zangu na cheti chake, na unga wa kinywaji changu. Jeli hapana, jeli pale kwenye ukaguzi wa viwanja vingi ni kimiminika kama kimiminika kingine, zikizidi kile kifuko cha mililita mia mia wanazitupa mbele ya macho yako. Wazo la huu mkoba ni kwamba baiskeli unaweza kukodi ama kuazima, wetisuti (ile nguo ya mpira ya kuogelea kwenye maji ya baridi) pia, lakini miguu yako imezoea viatu vile na pedali zile, kichwa chako kimezoea helmeti ile. Ukiwa na hivyo una shindano, hata boksi lisipofika.

Na boksi halikufika.

Tulisimama pale kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Boksi la baiskeli kwa kawaida haliji kwenye mkanda, linatoka kwenye mlango wa mizigo mikubwa pembeni, kwa hiyo nikawa nasimama katikati naangalia huku na huku, ubao wa kuteleza wa mtu ukatoka, kiti cha mtoto kikatoka, mifuko ya gofu ikatoka, halafu mlango ukafungwa na yule kijana aliyekuwa anasukuma vitu akavua glavu. Nikafungua simu. Chini ya sponji nilikuwa nimeficha kile kifaa kidogo cha kufuatilia vitu, kikaonyesha boksi liko kule tulikobadilishia ndege, limetulia, wala halina haraka. Kaunta ya mizigo wakaniambia mfumo unaonyesha liko njiani. Nikamwonyesha simu yule wa kaunta. Akaiangalia, akarudi kwenye kompyuta yake, akasema njiani.

Hapo usitoke nje ya ule ukumbi, hata kama umechoka namna gani, kabla hujajaza fomu ya mzigo uliopotea na kupewa namba ya kumbukumbu, na kwenye fomu andika hoteli unayolala na tarehe ya shindano. Ukishatoka nje bila ile namba, kila mtu utakayempigia atakuuliza ile namba. Kuna mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, wa Montreal, unaosema mzigo ulioharibika ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee na uliochelewa ndani ya siku 21, hizo tarehe ziandike mahali. Halafu nikampigia kocha, sauti inatetemeka kidogo. "Kocha, boksi halijaja." Akanyamaza kama sekunde mbili. "Pedali unazo?" "Ninazo." "Viatu, helmeti?" "Ninavyo." "Basi kalale kijana, kesho nayo ni siku."

Lilikuja usiku wa siku iliyofuata. Wakaguzi walikuwa wamelifungua, maana mkanda mmoja ulikuwa unaning'inia na taulo la diski lilikuwa limehamia kwenye cheni, lakini nilikuwa nimebandika ndani ya kifuniko picha ya vitu vinavyotakiwa kukaa, na naona aliyefunga aliiangalia, kwa sababu gia ilirudi mahali pake. Bolti za usukani zina kipimo chake cha kukazwa, mara nyingi kimeandikwa pale pale kwa Nm (nyutonimita), na fremu za kaboni hazipendi mtu wa kukaza kwa hasira, kwa hiyo ile spana ndogo ya kipimo inafaa kusafiri nayo. Nikaiunga polepole kwenye sakafu ya chumba, asubuhi nikaendesha nusu saa tu kuisikiliza.

Hii ndo sababu nawaambia watu fika mapema. Sio kwa ajili ya utalii. Ukifika siku mbili kabla na boksi likachelewa siku mbili, umeisha. Na mwili wenyewe una hesabu zake, kwa masaa ya nchi na nchi kanuni ya kukadiria ni siku moja kwa kila saa moja mliyopishana, na kuelekea mashariki kunauma zaidi kuliko magharibi kwa sababu unalazimishwa kulala kabla usingizi haujaja. Nilichofanya ni kuanza kusogeza muda wa kulala kabla ya safari, na nikifika natafuta jua la asubuhi. Joto nalo ni stori nyingine. Kuuzoea mwili joto vizuri kunachukua kama siku 10 hadi 14, damu inaongeza maji yake, jasho linaanza kutoka mapema na linapungua chumvi, na wengi hatuna ruhusa ya kazini ya wiki mbili, kwa hiyo hiyo kazi inabidi uianze nyumbani kabla hujapanda ndege, ama kwa kukimbia umevaa nguo za ziada ama kukaa kwenye maji ya moto baada ya mazoezi. Inachosha na inaboa. Ila inafanya kazi, na anza taratibu, usiwe peke yako ndani ya hayo maji.

Sasa kitu ambacho kilinishangaza kuliko vyote ni kwamba wiki ya shindano watu wanamaliza miguu yao wenyewe, kwa hiari, wakicheka. Mji umejaa watu wembamba wenye saa kubwa. Kila ukichungulia dirishani kuna mtu anakimbia kwa spidi ambayo hana sababu ya kukimbia, baiskeli zinapita zinavuma, na wewe umepunguziwa mazoezi kwa hiyo una nguvu za bure na wasiwasi mwingi, hapo ndo unajikuta umevaa viatu. Halafu kuna maonyesho ya vifaa, unaingia kuchukua namba unatoka baada ya masaa matatu umesimama muda wote, umejaribu viatu vipya, umenunua soksi. Mi nilijiwekea sheria, chochote cha kusimama zaidi ya nusu saa natafuta kiti, hata kama ni kwenye sakafu ukutani, na sinunui chochote cha kuvaa siku ya shindano. Mwenzangu tuliyesafiri naye alikuwa ananicheka, ananiita mzee. Poa tu.

Chakula nacho, nilichagua malazi yenye jiko kuliko hoteli nzuri yenye kifungua kinywa. Mwenye jiko anapika kile kile alichokuwa anakula usiku kabla ya mazoezi marefu, na asubuhi ya shindano anakula saa anayotaka, wakati jiko la hoteli bado limefungwa. Maji ya chupa, barafu ya mtaani hapana, mboga mbichi zinasubiri mpaka shindano liishe. Tumbo ndo linakatisha safari za watu wengi kuliko miguu, muulize yeyote aliyemaliza mara kadhaa.

Kuna makaratasi pia ambayo hayana raha kuyazungumzia. Viza ianze mapema na uambatanishe uthibitisho wa usajili. Baadhi ya mashindano yanataka kadi ya shirikisho la mchezo huu la nchi yako ama ununue leseni ya siku moja. Na bima ya safari, tafadhali isome, nyingi zinafuta mashindano ya michezo kwenye maandishi madogo kule chini, unadhani umekatiwa kumbe umekatiwa kwa ajili ya kukaa ufukweni.

Siku moja kabla ndo unakabidhi baiskeli na mifuko. Kwenye Ironman mfuko wa bluu ni vitu vya baiskeli, mwekundu ni vya kukimbia, mweupe ni nguo zako za kawaida za baadaye. Mfuko unaachwa umetundikwa usiku kucha, kwa hiyo soksi na kila kisichotakiwa kulowa kiingie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko, umande peke yake unatosha kukuharibia asubuhi. Tembea ile njia. Toka kwenye maji mpaka kwenye mfuko, mfuko mpaka baiskeli, baiskeli mpaka mstari wa kupandia, uhesabu ni safu ya ngapi na kuna alama gani isiyohamishika karibu yake, mti ama nguzo ya taa, sio baiskeli nyekundu ya jirani, maana jirani anaweza kuwahi kuondoka. Mi nilipita mara kadhaa mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Na sheria zao ni kweli kweli, helmeti ifungwe mkanda kabla hujaishika baiskeli, hupandi kabla ya mstari, na barabarani unaacha mita 12 kutoka gurudumu la mbele la mwenzako mpaka la kwako, ukiamua kumpita una sekunde 25 kumaliza hiyo kazi, vinginevyo dakika 5 umekaa kwenye hema la adhabu unaangalia watu uliowapita wakikupita.

Kitu kimoja cha baharini nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kilinisaidia kuliko mazoezi ya wiki nzima. Siku mbili kabla nilienda ufukweni saa ile ile ambayo shindano lingeanza, sio mchana wakati maji ni mazuri. Nikaingia mpaka kifuani nikageukia upande wa boya la kwanza, na hapo hapo nikagundua jua lilikuwa linachomoza nyuma yake kabisa, maji yote yamegeuka kioo, huoni boya, huoni chochote. Miwani yangu ya kawaida ni myeupe. Ya pili ni ya giza, nikaivaa, boya likaonekana kama doa. Bado doa tu. Nikatafuta kitu kirefu nyuma ya boya, kukawa na jengo lenye mnara wa simu juu, boya la kwanza lilikuwa kushoto kidogo ya ule mnara ukiangalia kutokea pale mstarini. Basi siku yenyewe sikutafuta boya hata kidogo, nilikuwa nanyanyua macho kila baada ya mikono kadhaa naangalia mnara, watu wengi wakaenda kulia na mkondo, mpaka wakaja kurudishwa na mitumbwi ya usalama. Kwenye maji kilomita 3.8 ni kwa anayenyooka, asiyenyooka ana umbali wake mwenyewe.

Halafu wetisuti. Kwa sisi wa kawaida sheria ni nyuzi 24.5, maji yakizidi hapo haivaliwi kwa kushindania nafasi, na uamuzi unatangazwa asubuhi ile ile. Kule Kona, Hawaii, hakuna wetisuti kwa sababu bahari ni ya joto, kwingine maji ni ya baridi mpaka vidole vinakataa kufungua zipu, kwa mfano Norseman kule Norway watu wanaruka kutoka kwenye feri kuingia Hardangerfjord. Jiandae kwa yote mawili, nguo ya kuogelea bila wetisuti na wetisuti yenyewe, na mafuta ya kupaka shingoni, kwenye makwapa na mapajani. Chumvi ya bahari ikiingia kwenye mchubuko wa shingo unaisikia mpaka kilomita ya mwisho ya marathoni.

Shindano lenyewe sitalieleza sana, mengi yanajulikana. Kuogelea mwisho ni masaa 2 na dakika 20, baiskeli lazima uwe umeimaliza masaa 10 na nusu tangu uanze, hizo ndo saa za Ironman nyingi, angalia ya kwako. Kwenye baiskeli upepo ulikuwa wa mbele wakati wa kwenda na wa mbele tena wakati wa kurudi, usiniulize ilikuwaje. Nilichokifanya vizuri ni kula. Saa ilikuwa inalia kila dakika 20 na nilikuwa natii hata bila hamu, kwa hesabu ya gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa, mchanganyiko wa glukosi na fruktosi kwa sababu utumbo unavipitisha kwa milango tofauti na hivyo unabeba zaidi. Vinywaji vya njiani waandaaji huwa wanatangaza ni aina gani, kwa hiyo nilivitafuta mapema nikavinywea mazoezini miezi kabla, tumbo halikushtuka. Na maji matupu usiyanywe kama unamwagilia bustani, kuna watu wanaanguka kwa sababu wamekunywa maji mengi mno bila chumvi, sodiamu kwenye damu inashuka, ubongo unavimba, na kinachotisha ni kwamba dalili zake za mwanzo zinafanana na za kupungukiwa maji, kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, hivyo mtu anazidi kunywa.

Marathoni nilitembea kila meza ya maji tangu ya kwanza kabisa, wakati bado nilikuwa na nguvu, na sikuona aibu. Ninatembea, nanywa, barafu naitia ndani ya kofia, naanza tena kukimbia kwenye pipa la mwisho la taka. Walionipita pale mwanzoni wengi niliwakuta mbele wamesimama wameshika magoti. Kuna mama mmoja, mtu mzima kabisa, tulikimbia naye karibu mzunguko mzima hatuongei, kila meza ananipa sponji moja bila kuangalia, nami nampa kikombe. Akaniacha kilomita kama nane kabla ya mwisho. Alikuwa na miguu yule.

Nilimaliza gizani, ndani ya muda. Nililia kidogo, kila mtu analia.

Ambalo halisemwi ni kwamba ukishavuka kazi bado. Kwenye mashindano mengi baiskeli na mifuko lazima uvichukue usiku huo huo kabla eneo halijafungwa, na wewe hapo hata kiatu huwezi kuinama ukakivua. Panga na mtu mapema, uliza kama anaweza kuchukua kwa niaba yako na anatakiwa aonyeshe nini, wengine wanataka ile chipu ya mguuni ya kupimia muda ama karatasi iliyosainiwa. Ukiwa peke yako, kula kwanza, vaa nguo kavu, halafu nenda. Wetisuti iliyolowa usiiache ndani ya mfuko mpaka kesho.

Na usikate tiketi ya kurudi usiku ule, najua inapunguza gharama za kulala. Miguu inavimba, damu inasafiri taratibu, mwili umekauka, halafu ukaikunje kwenye siti ya ndege masaa kumi, hapo ndo damu kuganda miguuni inapopata nafasi. Jipe walau siku moja na usiku wake, kunywa, tembea kidogo, siti ya kwenye korido, soksi za kubana. Hiyo siku ndo utaitumia kufunga baiskeli, na itachukua mara mbili ya muda wa kwanza kwa sababu huwezi kuchuchumaa, mi nilifanya kazi yote nimelala ubavu. Osha cheni na maji yasiyo na chumvi kabla ya kufunga, chumvi ya bahari na vinywaji vitamu vya siku nzima vikikaa ndani ya boksi siku mbili utakuta kutu.

Safari ya kurudi boksi lilifika pamoja na mimi, likatoka la kwanza kwenye ule mlango wa mizigo mikubwa. Malalamiko ya lile la kwanza niliyaandika ndani ya zile siku 21, nikaambatanisha namba ya fomu, risiti za vitu nilivyonunua nikisubiri, na picha ya simu inayoonyesha boksi lilikokuwa wakati wao wanasema njiani. Wamejibu wiki iliyopita wanaomba kipande cha pasi ya kupandia ndege. Nimewatumia.